Ruzuku ya Kwenda Kuona Tanuri la Matofali

Vijana mnaoniletea maombi yenu ya ruzuku niyasome kabla hamjayatuma, nawashukuru. Macho yangu bado yanasoma, ingawa magoti yamekataa kushuka shimoni kuchimba mambo ya kale. Ila kila anayekuja huniuliza swali lilelile: Bibi, wewe ruzuku yako ya kwanza uliipataje? Nami kwa uvivu hujibu kwamba niliomba nikapewa. Huo ni uongo. Niliomba nikanyimwa. Nikaomba tena, nikapewa, nikasafiri mpaka Usangu kwa fedha za watu wa ng'ambo, na kile nilichoahidi kwenda kukichunguza hakikuwepo. Kaeni niwaeleze.

Kazi yangu ilianza kwa penseli. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri katika kijiji cha jirani na Nyololo, na darasani kwetu mimi ndiye niliyechora ramani ubaoni, kwa kuwa mkono wa mwalimu ulikuwa ukitetemeka. Miaka ya hamsini, Uhuru bado, alikuja Iringa msichana Mwingereza aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka masomoni. Akapiga hema kando ya korongo lililojaa zana za mawe za watu wa kale. Jina lake lilikuwa Helen, lakini sote tulimwita Misi. Alitafuta mtu wa kumchorea mawe yake, mwalimu akanitaja mimi. Baba alikubali kwa sharti kwamba nilale kwa shangazi yangu mjini, si hemani. Basi kila asubuhi lori la wachimbaji likawa linanipitia kwa shangazi.

Msidhani kuchora jiwe ni jambo dogo. Huchori sura yake tu. Unachora mapigo: mtu wa kale alipiga hapa kwanza, kisha akaligeuza, akapiga hapa. Wiki yangu ya pili nilichora jiwe moja siku nzima. Nikalipima, nikalitia vivuli, nikajisifu moyoni. Jioni nikalipeleka kwa Mzee Kalinga, nyapara wa wachimbaji, Mhehe mwembamba asiyejua kusoma, ambaye hata Misi alimwogopa kidogo. Akaligeuza mara moja tu, akaniuliza kama nimezungumza na mpishi. Kumbe mpishi alikuwa amelipasua jana yake kwa shoka akitafuta mafiga.

"Jiwe la zamani lina ngozi," Mzee Kalinga akaniambia. "Hili lina kidonda kibichi."

Wachimbaji walicheka mpaka lori likafika mjini. Tangu siku ile sichori jiwe kabla ya kupitisha kidole gumba kwenye kingo zake, nanyi fanyeni hivyo. Ukingo mpya unakwaruza kidole. Wa zamani umelainika, na rangi yake ni ileile ya jiwe zima.

Mzee Kalinga ndiye aliyenifundisha pia kutumia mwiko, maana sisi tulichimba kwa mwiko wa fundi ujenzi, si kwa jembe. Alisema tukwangue, tusichokoe, na tusikilize. Udongo ambao haujaguswa na mtu hulia kikavu chini ya chuma. Uliowahi kuchimbwa ukafukiwa hunyamaza. Nilidhani ananitania. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nasikia tofauti hiyo nikiwa nimewapa mgongo wachimbaji.

Sasa niwaambie kuhusu ruzuku. Misi mwenyewe alikuja kwetu kwa msaada wa mfuko mmoja wa huko kwao, uliowasaidia watu wanaoanza kazi ya mambo ya kale wapate kusafiri na kufanya utafiti mdogo. Siku moja alinionyesha masharti ya mfuko ule. Hapakuandikwa kwamba mwombaji awe Mzungu, wala awe mwanamume. Paliandikwa tu kwamba awe anaanza. Misi alijua nina hamu ya kujifunza jinsi mababu walivyoyeyusha chuma, kwa sababu dereva mmoja wa lori la mpunga alikuwa ametuambia kwamba huko Usangu, ukipita Rujewa kuelekea milimani, ameona tanuri la kale refu kuliko mtu. Nilimhoji dereva yule hata akachoka. Misi akasema niombe ruzuku niende nikalione.

Nikamwomba aniazime nakala ya ombi lake mwenyewe, lile lililomleta Iringa. Nikalisoma kwa shangazi, nikaona Kiingereza chake kinang'aa na changu cha shule ya kati kimefubaa. Basi nikalinakili. Nikabadilisha jina, nikaweka Usangu palipokuwa na Iringa, nikaweka tanuri palipokuwa na mawe. Mengine yote nikayaacha yalivyo, hata maneno ambayo sikuyaelewa. Misi hakuliona kabla halijaenda, kwa kuwa nilitaka kumshangaza.

Miezi ikapita, jibu likaja. Waliandika kwa adabu sana. Walisema wamestaajabu kidogo kuona kwamba mwombaji aliyezaliwa nyanda za juu za Tanganyika anaahidi kulizoea upesi joto la nchi hiyo, na kwamba kabla ya masika atarejea salama chuoni kwake Uingereza. Joto gani, nami natoka Nyololo, ambako mwezi wa saba tunaota moto mchana! Mwishoni waliongeza sentensi moja ambayo naikumbuka hadi leo: hawakuona ni kitu gani mwombaji huyu angekifanya ambacho mwingine asingeweza.

Misi aliposoma alicheka, kisha akaona nalia, akaacha. Mimi sikulia kwa aibu peke yake. Baba alikuwa amenipa mpaka mwisho wa mwaka. Nafasi ya ualimu ilikuwa inaningoja katika shule ya wasichana, na alikwisha kumpa mchungaji neno lake. Ualimu ni kazi njema, lakini moyo wangu ulikuwa korongoni.

Mzee Kalinga aliniona sili chakula cha mchana, akaja kukaa karibu. Aliniuliza ile barua ilitaka nini. Nikamweleza. Akafikiri, akaniambia nimweleze kwa Kiswahili ninachotaka kufanya, nijifanye naomba ruhusa, yeye ndiye baba.

Nikaanza kwamba nataka kwenda Usangu kuchunguza matanuri. Akanikatiza akauliza, kwa nani? Nikasema kwa watu wa kule. Akasema watu wa kule hawana nyumba moja. Nitafikia wapi? Nani ananijua? Nikisema Kisangu nitasikiwa? Nikamwambia kwamba Kibena changu na Kisangu ni ndugu, nitasikia mengi na kusikiwa. "Mbona hilo hukuwaandikia?" akauliza. Akaendelea. Nitakaa siku ngapi? Mvua ikinikuta ng'ambo ya mto je? Nikikuta tanuri limebomoka nitachora nini? Kila alipouliza nilitafuta jibu, na mengine tuliyatafuta kwa siku kadhaa kwa kuwauliza madereva na wauza mchele sokoni.

"Mtu anayejua njia yake, humkatalii kirahisi," Mzee Kalinga akasema alipotosheka. "Sasa kaandike hayo hayo, kwa Kiingereza chako."

Nikaandika kurasa mbili za Kiingereza kilichofubaa. Niliandika kwamba nitapokelewa na familia za usharika wa baba, kwamba nitazungumza na wazee bila mkalimani, kwamba najua kuchora, na kwamba nitakwenda kiangazi na kurudi kabla mito haijajaa. Misi alisahihisha herufi tu. Hivyo nanyi mkiniletea ombi ninalolisoma mara tatu nisijue mtalala wapi, msishangae nikilirudisha.

Wakanikubalia. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja akaniuliza nani ananisindikiza. Nikamtajia watu wa usharika kituo kwa kituo, akakuta wote anawajua. Asubuhi ya safari alinipeleka mwenyewe barabarani Nyololo kungoja basi.

"Ukirudi mikono mitupu, Tabitha, utaingia darasani bila manung'uniko. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Misi naye alikuwa ameniachia mzigo wake. Alisema kwamba mfuko ule haujawahi kumpa mtu wa kwetu, na kwamba watakaoomba baada yangu watapimwa kwa ripoti nitakayoandika. Hakusema kwa ubaya. Lakini njia nzima, basi likipandisha na kuteremka vilima, nilikuwa nawaona hao watakaoomba baada yangu wamekaa viti vya nyuma wananitazama.

Kufika Rujewa kulikuwa rahisi. Kutoka hapo nilipata lori la mpunga kipande cha njia, kisha nikatembea na mwinjilisti mmoja na mkewe tukielekea chini ya milima. Siku ya pili, mchana, tukalikuta. Lilikuwa kama dereva alivyosema, refu kuliko mtu, jekundu, upande mmoja umeporomoka. Nilitupa mzigo nikakimbia. Nikalizunguka. Nikapitisha kidole gumba kwenye kuta. Ukingo ukanikwaruza.

Akatokea mwanamume nyuma ya tanuri, mikono imejaa udongo, akanisalimu vizuri.

"Karibu dada. Unahitaji matofali mangapi?"

Alikuwa Fundi Sanga, Mkinga aliyeshuka kutoka milimani miaka michache nyuma kuja kufyatua matofali ya shule na ya nyumba za matajiri wa mpunga. Tanuri lile alilijenga yeye, na upande ulioporomoka uliporomoka mwaka juzi kwa mvua.

Nilikaa juu ya rundo la matofali yake muda mrefu. Nitawaambia kilichonipita kichwani, maana nanyi kitawapitia. Niliwaza kwamba huko Uingereza hakuna mtu atakayekuja kupapasa ukuta ule. Nikilichora kwa upande uliobomoka, nikaandika tu kwamba ni tanuri, sitakuwa nimesema uongo. Nikatoa karatasi nikaanza. Nilikuwa nimefika nusu, Fundi Sanga akaja kusimama nyuma ya bega langu, akafurahi sana kuona kazi yake inachorwa.

"Andika na jina langu hapo chini," akasema, "wajue nimelijenga mimi."

Nikacheka, na nilipocheka nikajua kwamba siwezi kudanganya. Nikaliandika jina lake chini ya mchoro, kwa wino. Kisha, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikamuuliza habari za kazi yake, maana mfyatua matofali na mchora mawe si mbali sana. Akasema udongo wa pale ni mzuri, anauchimba kijitoni, tatizo ni mawe meusi. Ukiacha moja ndani ya tofali, likipata moto tofali linapasuka. Ametupa rundo zima.

Nikamwomba anionyeshe hilo rundo.

Vijana, mtu hasahau mara ya kwanza anaposhika mavi ya chuma. Ni takataka inayobaki chuma kikishayeyuka. Ni nyeusi, ina matundu ya mapovu, na mgongoni imejikunja kama uji uliomwagika ukaganda. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Pale palikuwa na rundo la kufika magotini, na katikati yake vipande vya mirija ya udongo mnene iliyoungua, ile iliyopitisha upepo wa mivukuto kwenda motoni. Nilipiga magoti pale udongoni. Mke wa mwinjilisti alidhani naumwa.

Lakini rundo peke yake halisemi. Jioni nikapelekwa kwa jumbe, naye akaita wazee watatu. Walinipokea kwa heshima, wakanipa kigoda. Nilipoeleza shida yangu, mkubwa wao, mzee mrefu aliyeitwa Mzee Mwalyego, alinijibu kwa upole kwamba babu yake alikuwa myeyushaji na yeye alikuwepo utotoni. Ila mambo ya tanuri ni mwiko kwa mwanamke. Hata mke wa mhunzi hakusogea.

"Umesema vizuri, binti, na hatuna ugomvi nawe," akasema. "Tuletee kaka yako, tutamweleza yote."

Ningefanya nini? Nilishukuru, nikaaga. Kaka yangu mmoja alikuwa migodini Makongolosi, na mdogo wangu wa kiume bado ananyonya.

Kesho yake nilirudi kijitoni nikapime rundo, nikakuta ajuza mmoja anamgombeza Fundi Sanga. Shamba lilikuwa lake, na fundi alikuwa amechimba mpaka kwenye viazi. Alikuwa Bibi Sekela. Alipomaliza na fundi akanigeukia, nikampa shikamoo, akauliza nalilia nini takataka za wanaume. Nikamweleza nilivyoambiwa kwa jumbe. Akainama, akaokota kipande cha mrija.

"Mimi nilikatazwa kuutazama moto," akasema. "Udongo sikukatazwa kuubeba. Walidhani nani aliuchimba?"

Tukakaa siku tatu. Alipokuwa msichana, yeye na mama yake na wanawake wengine ndio waliochagua udongo wa mirija, wakautwanga, wakauchanganya na vigae vilivyosagwa usipasuke, wakauzungushia kwenye fimbo laini, wakaichomoa fimbo mrija ukiwa bado mbichi. Aliufinyanga mmoja mbele yangu, mikono haikusita hata kidogo. Alinionyesha walipochimba, mashimo yaliyojaa nyasi ambayo mimi ningeyaruka bila kuyaona. Nilichora hadi penseli mbili zikaisha.

Ripoti niliiandikia Mbeya, kwa Mama Salima, mke wa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, aliyekuwa akifahamiana na shangazi kwa sababu ya vitenge. Yeye alikuwa akishona barazani, mimi naandika. Nilimsomea sehemu niliyoipenda nikiitafsiri kwa Kiswahili: "Mwanamke mmoja mzee wa sehemu hizo alieleza..." Akasimamisha cherehani.

"Fundi wa matofali ana jina, na mzee aliyekufukuza ana jina. Huyu aliyekusaidia hana?"

Nilizirudia kurasa nne. Ripoti yangu ikaanza na tanuri la matofali la Fundi Sanga, bila kuficha, na ikaishia na Bibi Sekela.

Nilingoja jibu muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Siku barua ilipofika baba alikuwa amekuja Iringa kwa mambo ya kanisa, nikaifungua mbele yake. Walisema kwamba wamepokea ripoti nyingi za matanuri lakini hii ndiyo ya kwanza kuwaambia udongo ulitoka wapi na kwa mikono ya nani. Walisema kwamba kukiri kosa la mwanzo kumewapa imani na yaliyofuata. Wakanipa ruzuku ya pili, ya kuchimba. Baba akaikunja barua, akasema mchungaji, waliyekuja naye Iringa, atakwenda kumwona yeye mwenyewe. Alikwenda jioni ileile, akarudi na habari kwamba shule imempata binti mwingine, tena anayependa watoto kuliko mimi.

Kiangazi kilichofuata nikarudi Usangu na Mzee Kalinga na wachimbaji wanne. Nilimpelekea Bibi Sekela mchoro wangu mkubwa wa tanuri, nilioutengeneza kwa wino kwa mwezi mzima. Misi aliusifu. Bibi Sekela aliutazama kwa mbali, akausogeza, akaugeuza.

"Mjukuu wangu, mrija umeuweka kinyume. Mdomo mpana unakaa nje, upokee mvukuto. Ukiuweka hivi wa kwako, moto utamrudia anayevukuta."

Nilimwambia nimeona mirija imelala hivyo kwenye rundo. Akasema kwenye rundo ilitupwa. Sikubishana zaidi, lakini sikuufuta pia, nataka mjue hivyo. Nilikuwa na kiburi cha wino.

Siku ya tisa Mzee Kalinga alinyoosha mkono tukaacha kukwangua. Udongo ulikuwa umenyamaza. Tukateremka polepole kwa brashi, ukatokea ukuta wa duara ulioungua, kitako cha tanuri lenyewe, na ndani ya ukuta mrija mzima haujasogea tangu siku ya mwisho ya moto. Mdomo wake mpana ulikuwa nje.

Habari zikaenda kijijini. Wakaja wengi, na nyuma yao Mzee Mwalyego na fimbo yake. Alisimama ukingoni akatazama chini muda mrefu. Nilijiandaa kufukuzwa. Lakini hakunisemesha mimi. Alimgeukia Bibi Sekela, aliyekuwa ameketi kivulini na kibuyu chake cha maji.

"Babu alinifundisha moto wote," akamwambia. "Udongo sikuuliza kamwe. Mliutoa wapi?"

"Kaa kwanza," akajibu Bibi Sekela.

Akakaa. Bibi Sekela akaanza na udongo, na ilipofika zamu ya moto akamwachia mzee, nikiwa hapo hapo na daftari langu, na hakuna aliyesema niondoke. Waliendelea hadi jua likageuka. Usiku nikaufuta ule mrija wa mchoroni kwa wembe, maana wino haufutiki kwa mpira, nikauchora upya. Mkiutazama mchoro ule kwa makini, hata leo karatasi ni nyembamba mahali hapo.